“Ikizidi, Tutamwendesha India”: Dhana Potofu Kuhusu Kupandikizwa Ini

“Tungoje kwanza. Ikizidi, tutamwendesha India wambadilishe ini.” Hapa Bukavu sentensi hiyo inasikika karibu kila mgonjwa anapoletwa macho yakiwa ya njano na damu haigandi. Inasemwa kwa nia njema, na inaua kuliko dhana nyingine zote zilizo hapa chini.

Sirosi, yaani ini lililojaa makovu polepole, humwachia mtu miezi ya kuchangisha dola. Ini linalofeli ghafla halimwachii. Tunaliita hivyo INR (kipimo cha kuganda kwa damu: ikipanda, damu inachelewa kuganda) inapofika 1.5 na akili kuanza kuvurugika, ndani ya wiki 26 tangu ugonjwa uanze, kwa mtu ambaye ini lake lilikuwa zima. Kutoka kuvurugika hadi koma zinaweza kupita siku mbili, au saa chache tu. Sasa piga hesabu: pasipoti na viza ya mgonjwa, ya mtoaji (mtu mzima wa afya atakayekatwa kipande cha ini lake) na ya msindikizaji, barabara hadi Kigali, ndege. Mtoaji naye apimwe kundi la damu na skana ya ukubwa wa ini, kwa sababu kipande kinachokatwa kinapaswa kufikia angalau asilimia 0.8 ya uzito wa mgonjwa (gramu 560 kwa mtu wa kilo 70), huku mtoaji akibaki na angalau asilimia 30 ya ini lake. Wakati huo ubongo unavimba. Kuvurugika kwa akili kuna madaraja manne, la 4 likiwa koma; akifika la 3 au la 4 hasafiri bila mpira kooni na mashine ya kupumulia. Mboni zikishatanuka na kukataa mwanga, hakuna mpasuaji atakayemgusa.

Kwa hiyo acheni kutazama macho tu, tazameni usingizi. Kulala mchana na kukesha usiku, hasira bila sababu: daraja la 1. Kusahau siku, na viganja kupigapiga akinyoosha mikono: daraja la 2. Hapo ndipo kituo cha upandikizaji kinapaswa kuwa tayari na faili lake. INR iombwe siku ya kwanza, irudiwe kila saa 12. Maabara ikitoa TP (kipimo hicho hicho cha kuganda) kwa asilimia peke yake, dai na INR. Wala usimtundikie plazma (majimaji ya damu yenye vigandishi) asiyetokwa damu ili namba ipendeze. Utakuwa umefuta kipimo chenyewe tunachoamulia.

“ALAT imeshuka kutoka 4,000 hadi 600, anapona.” ALAT ni kimeng’enya kinachovuja kutoka seli za ini zilizoumia. Ndiyo, kama INR nayo inashuka. INR ikipanda na bilirubini (rangi ya manjano katika damu) ikipanda, ALAT imeshuka kwa sababu seli za kuivujisha zimekwisha.

“Ini likifeli lazima lipandikizwe.” Hapana. Wengi walioumizwa na parasetamoli hupona kwa asetilisisteini, dawa ya mshipa inayopinga sumu yake: mg 150 kwa kila kilo katika saa 1, kisha 50 katika saa 4, kisha 100 katika saa 16. Inafaa zaidi ndani ya saa 8 baada ya kumeza, lakini hata aliyechelewa apewe. Kwa mtu mzima mwisho ni vidonge 8 vya mg 500 kwa siku, na dawa za mafua zenye parasetamoli zihesabiwe humo. Anayetia wasiwasi zaidi ni yule anayekaa na manjano wiki kadhaa, ametulia, ndipo akili inavurugika: huyo ni nadra kupona bila upandikizaji.

“Mtoaji atabaki nusu mtu.” Ini lake hukua tena ndani ya wiki hadi miezi, ingawa upasuaji una hatari yake, kifo kikiwemo. Kitabibu si lazima awe wa ukoo, kundi la damu lipatane tu; ila sheria ya India inadai kibali cha kamati kwa wageni, hata mtoaji akiwa ndugu wa karibu. Na bajeti ya upasuaji peke yake haitoshi: takrolimusi, dawa ya kuzuia mwili usikatae ini jipya, ni ya maisha yote, pamoja na vipimo vyake vya damu.

La mwisho ni kwa wauguzi. Mgonjwa akianza kupiga kelele usiku, msikimbilie diazepamu, dawa ya usingizi. Ini hilo haliwezi kuiondoa, na asubuhi hatutajua koma ni ya dawa au ya ubongo. Pimeni glukozi kwanza, na muirudie kila saa 1 hadi 2, maana ini lililofeli halitengenezi sukari. Ikishuka chini ya mg 60 kwa desilita, mpeni glukozi ya mshipa mara moja, kisha serumu (dripu) ya glukozi ya asilimia 10 iendelee. Kinini, dawa ya malaria ambayo bado inatundikwa kwa kila homa yenye kuchanganyikiwa, inaishusha zaidi.