Chembe za dhahabu za Waetruski na siri ya kuzishika

Watu wakiona nakala ya pambo la kale, swali lao la kwanza ni kama inafanana na lile la makumbusho. Mimi ni sonara, na swali langu ni jingine: je, imepitia njia ile ile?

Mwaka 1836, huko Cerveteri nchini Italia, lilifunguliwa kaburi la karne ya 7 KK la Waetruski, watu wa kale wa Italia ya kati; leo kaburi hilo huitwa Regolini-Galassi. Mlikuwa na dhahabu iliyopambwa kwa chembe ndogo za mviringo, safu kwa safu. Katika baadhi ya kazi za Waetruski, chembe hizo hazifiki hata milimita 0.2. Sonara wa Roma, Fortunato Pio Castellani, alipata nafasi ya kuyachunguza mapambo hayo, na yeye na wanawe wakahangaika miaka mingi kuyaiga. Kazi zao ni nzuri mno, nazipenda. Lakini walitegemea lehemu, na lehemu ikiyeyuka hutiririka na kujaa katikati ya chembe. Tazama kwa lenzi: chembe za Waetruski zimesimama wima, kila moja imelishika bamba la dhahabu lililo chini yake kwa nukta tu.

Kuzipata chembe zenyewe si shida. Unakata waya mwembamba wa dhahabu vipande vidogo, unavifukia katika unga wa makaa visigusane, kisha unapandisha joto kupita nyuzi 1064 za Selsiasi. Kila kipande huyeyuka na kujiviringa chenyewe.

Kazi iko kwenye kuzishikisha. Katika miaka ya 1930 Mwingereza H. A. P. Littledale alionyesha njia moja: changanya gundi na kampaundi ya shaba (shaba iliyoungana na elementi nyingine), kisha tumia mchanganyiko huo kubandikia chembe. Joto likipanda, ile kampaundi hugeuka oksidi ya shaba na gundi huungua ikabaki kaboni. Kaboni huipokonya oksidi ile oksijeni yake, na shaba tupu hubaki, kidogo sana, pale pale chembe inapogusa bamba. Ikikaribia nyuzi 890, shaba hiyo na dhahabu huyeyuka pamoja, ingawa kila moja peke yake huhitaji zaidi ya nyuzi 1000. Hakuna cha kutiririka. Na malakiti, jiwe la kijani lenye shaba, lilijulikana zamani, kama ilivyojulikana gundi ya wanyama.

Ukizidisha moto kidogo tu, safu yote ya chembe hulala na kuwa bonge. Fundi wa kale hakuwa na kipimajoto. Aliisoma rangi ya dhahabu. Hilo hulioni kwenye kabati la kioo, unalijua ukiwa mbele ya moto.

Ustadi huu una hatari yake. Mwaka 1896 makumbusho ya Louvre, Paris, ilinunua taji la dhahabu lililodaiwa kuwa la Saitapharnes, mfalme wa Waskithi, watu wa kale wa kaskazini mwa Bahari Nyeusi. Mwaka 1903 ilibainika kuwa lilitengenezwa na Israel Rouchomovsky, sonara wa Odessa, aliyelifanya kwa oda bila kujua wauzaji walikusudia nini. Ilibidi aende Paris na kutengeneza upya sehemu yake ndipo aaminiwe. Kwa hiyo kila nakala ninayoitoa ina chapa yangu na mwaka, nimezigonga mahali ambapo mtu hawezi kuzisugua bila kuliharibu pambo lenyewe.