Klasta ya Linux kwa bei ya Kariakoo: yanayosemwa na yalivyo

"Kompyuta za sayansi ni za NASA, si za wanafunzi wa Mlimani." Cha kuchekesha, NASA haohao ndio waliokimbia bei kubwa. Mwaka 1994, Thomas Sterling na Donald Becker wa kituo cha Goddard, Marekani, waliunganisha kompyuta za kawaida zenye prosesa 16 za Intel 486 kwa mtandao wa Ethaneti, zikaendeshwa na Linux, mfumo endeshi wa bure. Mashine kadhaa zikiunganishwa hivi zifanye kazi moja, ndiyo klasta. Wakauita mradi huo Beowulf. Kompyuta za mtumba zilizopangwa leo madukani Kariakoo zinaziacha mbali mashine zile.

"Nikiweka mashine kumi, kazi itaisha kwa kasi mara kumi." Hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea. Kila hesabu ina sehemu isiyogawanyika. Ikiwa sehemu hiyo ni asilimia 10, mashine kumi zitakupa kasi ya mara tano na kidogo tu, na hata ukileta mia hutafika mara kumi. Gene Amdahl alilieleza jambo hili mwaka 1967. Tena hapo hatujagusa muda wa mashine kusubiriana. Katika modeli ya mawimbi ya bahari, kila kipande cha bahari hupeana takwimu na jirani yake kila hatua, kwa hiyo swichi (kifaa kinachounganisha mashine kwenye mtandao) ya megabiti 100 kwa sekunde itakukwamisha. Tafuta ya gigabiti. Ila ukiwa na sampuli mia za DNA, kila moja inachambuliwa kivyake, swichi duni haitakusumbua sana.

"Linux itagawa kazi yenyewe." Haigawi. Ama programu iwe imeandikwa kwa MPI, yaani njia ya mashine kutumiana ujumbe zikiwa kwenye kazi moja, ama ugawe mafaili wewe. Hata Slurm, programu ya kusimamia klasta, kazi yake ni kupanga foleni na kugawa mashine, basi.

"Mtumba ndio nafuu." Kununua, ndiyo. Piga hesabu ya umeme sasa: mashine nane, kila moja ikila wati 70, ni wati 560, yaani uniti 13 na ushee za LUKU kwa siku. Umeme wote huo unageuka joto humo humo chumbani, na Februari ya Dar unaijua. Utawasha AC, nayo ina bili yake. Mashine nane zenye prosesa za viini vinne vinne (kila kiini hupiga hesabu kivyake) ni viini 32, lakini mashine moja mpya ya viini 16 inaweza kuzipita bila swichi wala waya. Kujifunza MPI, nenda na mtumba. Ningekuwa namalizia tasnifu, ningenunua moja na kuijaza RAM.

"Nina UPS, umeme ukikatika sina shaka." UPS, ile betri ya dharura, ikiwa ndogo hukupa dakika chache za kuzima kwa utaratibu. Na kwa kawaida mashine moja ikianguka, kazi nzima ya MPI husimama. Kazi ya siku tatu huokolewa na programu inayoandika diskini, tuseme kila saa, ilipofikia, ili umeme ukirudi iendelee kutoka hapo. Kama programu yako haina uwezo huo, uongeze kabla hujanunua mashine ya pili.