Je, wajua Dolly Parton ni jina la waridi pia?

Nairobi jina la Dolly Parton, mwimbaji wa Marekani, halihitaji kutambulishwa. Jumapili jioni redio ikipiga "Jolene", wimbo wake wa mwaka 1973, kinyozi huongeza sauti na mteja akaitikia kwenye kiti kile kile alipo. Lakini jina hilo hulibeba pia ua la bustani: waridi kubwa, jekundu linaloelekea rangi ya chungwa, lililoanza kuuzwa Marekani mwaka 1984.

Limelipataje? Waridi jipya huanza kwa mtu mwenye subira. Huchukua chavua ya ua moja, akaipaka kwenye ua la mmea mwingine, akazipanda mbegu na kungoja. Miche hiyo haifanani, kama watoto wa tumbo moja wasivyofanana, hivyo hukagua mingi mno, mwaka baada ya mwaka, ili abaki na mmoja tu. Joseph Winchel, aliyeliibua 'Dolly Parton', alichanganya 'Fragrant Cloud', waridi lenye sifa ya harufu, na 'Oklahoma', lenye wekundu ulioiva. Aliyeliibua ua ndiye hulichagulia jina, na akitaka jina la mtu aliye hai humwomba ruhusa. Kisha jina huandikishwa kwenye daftari la dunia linalotunzwa na American Rose Society, chama cha mawaridi cha Marekani, maua mawili yasije yakagombea jina moja. Waimbaji Maria Callas na Barbra Streisand nao wana mawaridi yao.

Kinachonigusa zaidi ni hiki: mbegu ya 'Dolly Parton' haizai 'Dolly Parton'. Ukilitaka lenyewe, kwa kawaida hukata jicho la tawi lake na kulibebesha kwenye shina la waridi jingine, kazi ambayo wenye vitalu wanaijua vizuri. Kwa hiyo kila mti wa jina hilo, popote ulipo, ni kipande cha mche ule ule alioubakiza Winchel.

Sasa nenda soko la City Market jijini Nairobi, uinamie ndoo za mawaridi. Mazuri, yamenyooka, lakini mengi hayanukii. Mawaridi ya kukatwa yalichaguliwa yawe na vikonyo virefu, yastahimili safari ya ndege na kukaa siku nyingi kwenye chombo. Harufu ikaachwa nyuma. 'Dolly Parton' ni la bustani, halikukusudiwa kusafiri. Harufu ya 'Fragrant Cloud' limeirithi, tena kali, na ua moja tu mezani hutosha kuinukisha sebule.