Je, wajua stesheni isiyo na mfanyakazi hata mmoja Japani hukusanyaje nauli?

Shimonada ni stesheni ndogo katika mkoa wa Ehime, kisiwani Shikoku. Ina jukwaa moja, benchi lenye kipaa juu yake, na mbele ya benchi ni bahari. Ukishuka hapo humkuti mkata tiketi, wala mlinzi, wala stesheni masta. Mtu akitaka anaingia tu kutoka barabarani, anaketi, anatazama jua likizama, kisha anakwenda zake bila kuulizwa na yeyote. Na bado treni hufika kwa saa yake, na abiria hulipa.

Kwa Kijapani stesheni ya namna hii huitwa mujin-eki, yaani stesheni isiyo na mtu. Usidhani ni chache. Japani ina stesheni zaidi ya 9,000, na takribani nusu yake ziko hivyo. Sasa nauli anaidai nani?

Anaidai dereva. Treni za mashambani mara nyingi huwa na behewa moja au mawili, na hazina konda. Mtindo huo wanauita wanman, neno walilolikopa kwa Kiingereza kumaanisha kwamba kazi yote anaifanya mtu mmoja. Ukipanda kwa mlango wa nyuma wa behewa la kwanza, utakuta kimashine kinakutolea kikaratasi kidogo kiitwacho seiriken. Usikitupe. Kina namba, na namba hiyo ndiyo ushahidi wa mahali ulipopandia. Mbele, juu ya kiti cha dereva, kuna ubao wa umeme uliogawanywa vyumba vyumba: kila chumba kina namba, na chini yake nauli. Treni ikisogea kutoka stesheni hadi stesheni, nauli nazo zinapanda ukiziona.

Tuseme kikaratasi chako ni namba 3 na unakaribia kushuka. Unatazama chini ya 3, unakuta yeni 260. Unahesabu sarafu zako, unasogea mlango wa mbele, unatumbukiza pesa na kikaratasi kwenye sanduku la nauli lililo ubavuni mwa dereva. Yeye hutupa jicho kuona kama vinalingana, anashukuru, unashuka. Kama huna sarafu, sanduku hilohilo huvunja noti ya yeni 1,000, na ni uungwana kuivunja mapema kabla foleni haijafika kwako. Noti ya 10,000 itakutia taabu. Ukipoteza kikaratasi unaweza kudaiwa nauli ya tangu treni ilikoanzia safari. Na kwa kuwa macho ya dereva hayawezi kuwa kwenye milango yote kwa wakati mmoja, treni ya mabehewa mawili ikifika stesheni kama hii, kwa kawaida milango ya behewa la nyuma haifunguki. Wote hutokea mbele, mmoja mmoja.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Shimonada ilifunguliwa mwaka 1935, na enzi hizo hata stesheni ya kijijini ilikuwa na watu wake. Walikata tiketi, walipokea vifurushi, walipakia mizigo. Kwenye reli ya njia moja walikuwa na kazi nyingine nzito: kumkabidhi dereva kisahani cha chuma ambacho kilikuwa ruhusa ya kuingia kipande cha reli kinachofuata. Bila kisahani, treni haiondoki, maana huenda nyingine inakuja kutoka upande wa pili. Ishara za reli zilipoanza kuongozwa kutoka kituo kimoja cha mbali, kazi hiyo ikahama. Mizigo ilihamia kwenye malori, na mwaka 1984 shirika la reli la taifa likaacha mtindo wa kuokota mabehewa ya mizigo stesheni baada ya stesheni. Mwaka 1987 shirika lenyewe likavunjwa na kugawanywa kuwa kampuni za JR (Japan Railways, yaani Reli za Japani), likiacha deni la yeni trilioni 37 na ushei. Wakati huo vijana walikuwa wamekwisha kuhamia mijini. Kwa Shimonada liliongezeka pigo lake: mwaka 1986 ilifunguliwa njia ya mkato kupitia Uchiko, treni za haraka zikaacha ufuko, zikabaki hizi za kusimama kila mahali.

Wafanyakazi waliondoka, lakini majani hayajifyeki yenyewe. Katika stesheni nyingi za aina hii wanaofagia na kupanda maua ni majirani. Ndani ya chumba cha kungojea mara nyingi utakuta daftari, ambamo wasafiri huandika walikotoka na hali ya hewa ya siku hiyo. Stesheni ya Koboro, kule kisiwani Hokkaido, imebanwa katikati ya mahandaki na gari haliwezi kuifikia. Kampuni ya reli ilipotaka kuifunga, mji wa Toyoura ulikubali kubeba gharama za kuitunza.

Kuna jambo moja ambalo majirani hawawezi kulifagia. Anayetumia kiti cha magurudumu anahitaji mtu wa kumlazia ubao kati ya jukwaa na treni. Mahali pasipo na mtu, mara nyingi inambidi apige simu mapema ili mfanyakazi atumwe kutoka stesheni kubwa, wakati mwenzake mwenye miguu mizima anatoka nyumbani muda autakao. Mwaka 2020, watu wanaotumia viti hivyo mkoani Oita waliishtaki JR Kyushu, mojawapo ya zile kampuni za JR, mahakamani, wakisema kuondoa wafanyakazi kunawanyima uhuru wa kusafiri. Mimi nawaelewa kabisa. Mwaka 2022 wizara ya uchukuzi ilitoa mwongozo wa kuwahudumia wenye ulemavu kwenye stesheni hizi. Njia moja inayotumika ni dereva yuleyule wa sanduku la nauli kuacha kiti chake, kushuka jukwaani na kulaza ubao mwenyewe, huku abiria wengine wakimsubiri.