Maji Machafu na Vizazi vya Dafnia: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Dafnia ni gegereka (jamii ya kaa na kamba, si wadudu) wa majibaridi, wengi wao wa milimita chache tu. Hula mwani, nao huliwa na samaki wadogo. Maabara nyingi huwatumia kupima usalama wa maji, na hapo ndipo dhana potofu nyingi zinapoanzia.

Dhana: Wasipokufa, maji ni salama.

Ukweli: Kipimo cha kawaida huchukua saa 48, na kinachoangaliwa ni nani bado anaogelea. Kipo kingine cha siku 21 kinachohesabu watoto, na hicho hufichua mengi: mama anaonekana mzima, lakini anazaa wachache au anachelewa kuzaa. Hata hivyo, watoto wakishahesabiwa, kipimo kimekwisha. Katika kipimo hicho hakuna anayewafuata hadi nao wazae, na kwa maoni yangu hilo ni pengo kubwa.

Dhana: Mtoto akihamishiwa maji safi, yaliyompata mama hayamhusu.

Ukweli: Mtazame dafnia jike kwa hadubini. Mwili wake unapenya mwanga, kwa hiyo unauona moyo ukidunda na, nyuma yake, mfuko wa mayai chini ya gamba. Hali ikiwa nzuri, huzaa majike wenzake bila kuhitaji dume. Mayai hukua kuwa vichanga mlemle mfukoni kwa siku tatu hivi, yakiogeshwa na maji yaleyale anamoishi mama. Na ndani ya vichanga hao, chembe zitakazokuja kuwa mayai yao zimeshaanza kujitenga. Uchafu ukiingia leo, umewagusa mama, binti na mjukuu kwa mpigo. Ndiyo maana mtafiti anayetaka kujua kama dhara limerithiwa kweli humsubiri kitukuu, kwa kuwa ndiye wa kwanza ambaye hakuguswa na maji hayo.

Dhana: Kiuadudu cha mbu hakiwezi kumdhuru asiye mdudu.

Ukweli: Piriproksifeni, inayotumika dhidi ya viluwiluwi vya mbu, huiga homoni ya ujana ya wadudu, ile inayowazuia kukomaa. Dafnia jike akiipata wakati mayai yanakomaa, huzaa madume badala ya majike.

Dhana: Vizazi vikipita, watazoea tu.

Ukweli: Mara nyingine ustahimilivu huongezeka. Katika Ziwa Konstanz, Ulaya, watafiti walitotoa mayai ya dafnia ya aina inayoweza kulala, yaliyokaa kwenye tope kwa miongo kadhaa. Waliotokana na mayai yaliyotagwa baada ya fosforasi kulichafua ziwa walistahimili zaidi sianobakteria zenye sumu (bakteria wanaofanana na mwani, ambao huongezeka fosforasi ikizidi) kuliko wa kabla yake. Lakini huko si kuzoea: wasioweza hawakuacha uzao wa kutosha, wakabaki wanaoweza. Na si kila uchafu hutoa nafasi hiyo. Dafnia waliofugwa kwenye maji yenye urani, metali yenye mionzi, walizidi kudhoofika katika ukuaji na uzazi kizazi baada ya kizazi, ingawa kiwango cha urani kilikuwa kilekile.