"Linux haisomi waifai" na maneno mengine ya kijiweni

Ukitaka kuhama Windows uingie Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, hutakosa fundi wa kukukatisha tamaa: "Piga tu hiyo Linux, ila waifai haitasoma." Maneno haya hayakuzuka hivihivi, lakini yanahusu kompyuta za miaka ishirini iliyopita. Siku hizi waifai ikigoma, mara nyingi kuna faili moja limekosekana au kufuli fulani limesahauliwa, na kompyuta yenyewe hukuandikia kosa liko wapi.

Dhana: Linux na waifai haviivi chungu kimoja

Zamani ilikuwa kweli. Watengenezaji wa chipu za waifai walificha siri zao. Draiva (programu inayoendesha kifaa) huria, yaani ya wazi kwa yeyote kuisoma na kuibadili, ya chipu za kampuni ya Broadcom iliyoingia kwenye kiini cha Linux, moyo wa mfumo wenyewe, mwaka 2006 iliandikwa na watu wa kujitolea, ambao ilibidi waichunguze draiva ya kampuni kipande kwa kipande wajue chipu inaambiwa nini. Ambao hata hiyo haikuwafaa walitumia ndiswrapper, iliyobeba draiva ya Windows na kuiendesha ndani ya Linux. Ilifanya kazi siku ilipojisikia.

Mambo yaligeuka mwaka 2008, kampuni ya chipu ya Atheros walipotoa draiva ya ath9k wao wenyewe. Broadcom nao wakatoa ya kwao Septemba 2010, kwa baadhi tu ya chipu zao. Kadi za waifai za Intel zinaendeshwa na draiva ya iwlwifi, inayotunzwa na wafanyakazi wa Intel. Ndiyo maana kompyuta ya mtumba iliyotoka ofisini Ulaya, ikiwa na kadi ya Intel, kwa kawaida huona mitandao ya jirani hata kabla hujamaliza kusakinisha. Na ukikuta makala inakufundisha ndiswrapper leo, ifunge uendelee na mambo yako.

Dhana: nunua adapta ya jina kubwa, utakuwa salama

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Linux haijali jina lililo kwenye boksi, inatazama chipu iliyo ndani. Chukua TP-Link TL-WN722N, adapta ya USB inayosifiwa kila mahali. Toleo la kwanza lina chipu ya Atheros AR9271, na sifa zote hizo ni za hilo. Toleo la pili na la tatu lina Realtek RTL8188EUS, chipu tofauti kabisa inayotaka draiva tofauti. Jina ni lilelile na namba ya bidhaa ni ileile, isipokuwa maandishi madogo ya toleo kwenye kibandiko. Mtu anasoma sifa za toleo la kwanza, anaingia Kariakoo au Luthuli anauziwa la tatu, kisha anarudi nyumbani kuilaumu Linux. Muuzaji mwenyewe mara nyingi hajui kwamba kuna tofauti.

Kuijua chipu ni kazi ya dakika moja. Fungua terminal, dirisha la kuandikia amri. Kwa kadi ya ndani andika `lspci -nnk`, kwa adapta ya USB andika `lsusb`. Utapata mstari kama huu:

`Network controller [0280]: Broadcom ... BCM43142 802.11b/g/n [14e4:4365]`

Yapuuze majina, shika zile namba mbili za mwisho. Ya kwanza ni ya kampuni: 14e4 ni Broadcom, 8086 ni Intel, 168c ni Atheros, 14c3 ni MediaTek, na 10ec ni Realtek (kwenye USB Realtek hutumia 0bda). Ya pili ndiyo chipu yenyewe. Ukitafuta msaada mtandaoni, tafuta kwa namba hizo na si kwa jina la kompyuta yako. Kwenye `lspci -nnk`, chini ya mstari huo kuna sehemu ya `Kernel driver in use`. Isipokuwepo, hakuna draiva iliyoishika kadi.

Ukiona `0bda:1a2b` kwenye `lsusb`, usishtuke. Baadhi ya adapta za Realtek zikichomekwa hujifanya CD yenye draiva za Windows. Kifurushi cha `usb-modeswitch` huiamuru adapta iache usanii na kuwa waifai.

Dhana: draiva ikiwepo, kazi imekwisha

Kadi ya waifai ni kakompyuta kadogo. Nyingi hazihifadhi programu zao za ndani, kwa hiyo kila zinapowashwa husubiri draiva izipakie faili maalumu, yaani programu dhibiti (firmware). Draiva ikiwepo na faili lisiwepo, kadi inaonekana kwenye orodha lakini haifanyi lolote. Tazama `sudo dmesg | grep -i firmware`. Mstari wenye `failed with error -2` maana yake ni kwamba faili lililotajwa halikupatikana.

Kwa Intel kuna mtego kidogo. Iwlwifi huanza kuomba toleo jipya kabisa la faili, ikilikosa hushuka la chini yake, na kadhalika, huku ikiandika kosa kila hatua. Unaweza kuona makosa kadhaa kwenye kadi iliyo nzima. Cha kuogopa ni `no suitable firmware found`, kwani hapo imeshuka mpaka mwisho na haikupata kitu.

Sifa mbaya ya Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, ilitokana na jambo hilihili. Mafaili hayo si huria, hivyo hayakuwekwa kwenye diski rasmi ya kusakinishia. Mwaka 2022 wanachama walipiga kura kubadili utaratibu, na tangu Debian 12, iliyotoka Juni 2023, yamo. Anayekuambia Debian haisomi waifai huenda mara ya mwisho aliijaribu kabla ya hapo.

Dhana: bila waifai huwezi kupakua hilo faili

Una simu? Ya Android ichomeke kwa waya, washa kushiriki intaneti kwa USB, na Linux itaiona kama waya wa kawaida wa mtandao. Si lazima uchome bando: simu ikiwa imeunganishwa na waifai ya nyumbani, inaweza kuipitisha hiyohiyo kwa waya.

Dhana: kadi imekufa

Kabla ya kuizika, andika `rfkill list` uone kama imefungwa. `Soft blocked: yes` inafunguliwa kwa `rfkill unblock wifi`. `Hard blocked: yes` ni swichi ya pembeni au kitufe cha kibodi, na hakuna amri itakayokusaidia mpaka ukibonyeze. Kama una Windows na Linux kwenye mashine moja, ingia Windows uzime Fast Startup. Nayo ikiwashwa, Windows haizimi kabisa inapozimwa, na inaweza kuiacha kadi katika hali ambayo Linux inashindwa kuiamsha.

Kwenye ile BCM43142 kuna jambo jingine. Draiva yake ni `wl` ya Broadcom, isiyo huria, na toleo rasmi la mwisho ni la 2015, hivyo wanaoisambaza huitia viraka ili ikubaliane na viini vipya. Secure Boot, ulinzi unaokagua sahihi za programu kompyuta inapowaka, ikiwa imewashwa, kiini hukataa draiva isiyo na sahihi inayotambulika, na jibu lake ni `Key was rejected by service`. Wakati wa kuiweka draiva hiyo, Ubuntu (toleo jingine la Linux) hukuomba nywila, na ukiwasha upya kompyuta skrini ya buluu hutokea. Wengi huogopa, wakachagua kuendelea na kuwasha. Chagua `Enroll MOK`, yaani sajili ufunguo wa sahihi hiyo, uandike nywila uliyoiweka.

Dhana: toleo lolote la Linux litafaa

Hapana, kompyuta mpya hutaka kiini kipya. Draiva ya rtw89, inayohudumia Realtek RTL8852AE, iliingia katika kiini cha 5.16, Januari 2022. Ubuntu 20.04 ilianza na 5.4, na masasisho yake ya kawaida yakaishia 5.15. Ile flashi ya zamani uliyoazimwa na rafiki haitakusaidia hapo.

Dhana: kadi ikisumbua, weka ya Intel tu

Ushauri mzuri, wenye masharti mawili. Baadhi ya kompyuta za zamani za HP na Lenovo zina orodha ya kadi zinazoruhusiwa ndani ya BIOS, programu inayoamka kwanza kompyuta inapowashwa. Ukiweka isiyomo, mashine hugoma kuwaka mpaka uitoe. Pili, Intel AX201 na AX210 zinafanana umbo lakini si ndugu wa karibu. AX201 ni nusu ya kadi, maana sehemu yake nyingine imo ndani ya chipu za ubao mama za Intel, hivyo kwenye ubao wa AMD haitasoma kamwe. AX200 na AX210 ni kadi kamili. Duka likikupa AX201 kwa bei ya chini sana, sasa unajua kwa nini.