Kanisa jipya, uko peke yako: kazi yote iko kati ya geti na kiti

Mimi ni mshauri nasaha, na wengi wanaokuja kuongea na mimi wanasumbuliwa na woga wa kuwa mbele za watu. Kuna kitu nimekisikia mara nyingi mpaka nimeona nikiandike: mtu mzima kabisa, ana kazi yake, kwenye mikutano anaongea vizuri tu, lakini kuingia kanisa asilojulikana, peke yake, hawezi. Labda amehama, labda kanisa la zamani lilimuumiza, au alikaa miaka bila kusali na sasa moyo unamvuta kurudi. Anafika mpaka getini, anasikia kwaya imeanza, anageuza.

Dada mmoja aligeuza Jumapili tatu mfululizo. Kila akifika anatoa simu anaiweka sikioni kama anaongea na mtu, anasimama pembeni ya geti anaangalia watu wanavyoingia wawiliwawili, watoto wameshikwa mikono, halafu anarudi zake nyumbani simu bado iko sikioni na upande wa pili hakuna mtu. Alivyonisimulia alikuwa anaangalia chini, anasema labda imani yake ni ndogo. Nikamwambia hapana dada yangu, imani haihusiki hapo, huo ni mwili tu.

Iko hivi. Ubongo ukihisi hatari, adrenalini, homoni ya kuutayarisha mwili kupambana au kukimbia, inamwagika, moyo unaenda mbio, viganja vinatoa jasho, tumbo linavurugika. Woga huo unapanda, lakini ukibaki palepale haukai juu, unashuka wenyewe taratibu. Sasa ukigeuza wakati umepanda kabisa unapata nafuu papo hapo, na mwili unaelewa kwamba kilichokuokoa ni kukimbia, kwa hiyo Jumapili inayofuata lile geti linazidi kuwa gumu. Ndio maana simwambii mtu asubiri apate ujasiri kwanza ndio aende. Ujasiri unakuja umeshakaa kwenye benchi, wimbo wa pili wa tatu hivi. Pale getini vuta pumzi halafu itoe polepole, ndefu kuliko ulivyoivuta, maana mapigo ya moyo hupungua kasi tunapotoa pumzi, na uendelee kutembea.

Halafu hayo macho ya watu. Mwaka 2000 mwanasaikolojia Thomas Gilovich wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na wenzake walichapisha utafiti ambao naupenda sana: mwanafunzi anavalishwa fulana yenye picha ya mwanamuziki Barry Manilow, fulana ya kuonea aibu kwa vijana wale, anaingizwa chumba chenye wenzake. Waliovaa walidhani karibu nusu ya waliokuwemo wameiona, kumbe walioiona ni kama robo tu. Kanisani ni hivyohivyo, yule mama aliyegeuka nyuma ulipoingia kuna uwezekano mkubwa anamtafuta mwanawe.

Fika dakika 10 kabla. Najua unatamani kuchelewa ili ujipenyeze kimyakimya, lakini ukichelewa nafasi za nyuma zimejaa na mhudumu anakupeleka mbele kabisa, huku wote wameshakaa. Ukiwahi unachagua mwenyewe, na mimi nashauri safu ya tatu kutoka nyuma, pembeni, ili uwaone wa mbele yako wanasimama lini na wanapiga magoti lini. Hakikisha tu siku na saa, Wasabato kwa mfano wanasali Jumamosi.

Kitu kinachowatisha wengi kuliko vyote ni lile tangazo la wageni wasimame. Jamani, unaruhusiwa kukaa! Sio dhambi, na sio uongo. Ukitaka simama, taja jina, kaa, imeisha. Komunyo nayo, kwa Wakatoliki kwa kawaida anayepokea ni Mkatoliki aliyejiandaa, makanisa mengine yana utaratibu wao, kwa hiyo kubaki kwenye kiti ni sawa kabisa. Chombo cha sadaka kikifika na huna, pitisha kwa jirani.

Na naomba usilipime kanisa kwa siku moja. Mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha mwaka 1968 kwamba kitu tunachokiona mara kwa mara tunaanza kukipenda kwa sababu tu tumekizoea, na nyuso za watu ni hivyo pia. Nenda hata mara tatu. Ila wakianza kukubana kuhusu hela au siri zako siku ya kwanza, hapo usirudi, hapo woga wako ulikuwa sahihi.

Yule dada Jumapili ya nne simu aliiacha kwenye mkoba. Alikaa nyuma, akatoka kabla ya wimbo wa mwisho. Nilipomuuliza ibada ilikuwaje, mahubiri hakuyakumbuka hata kidogo, alichokumbuka ni mzee wa kiti cha pembeni aliyemsogezea kitabu cha nyimbo, ukurasa ameshaufungua.